Boksi Linaloongea Kuliko Muuzaji

Hakuna bidhaa inayojisifu kwa namba kuliko skopu, ile darubini inayofungwa juu ya bunduki. Unaambiwa 3-9x40. Unaambiwa 6-24x50. Unaambiwa MOA, unaambiwa asilimia ya mwanga inayopita kwenye kioo, unaambiwa unene wa bomba kwa milimita, kisha muuzaji anakunja mikono na kukutazama usoni aone kama umetishika vya kutosha kuongeza dola 200. Mimi hutishika upesi, sikatai. Lakini dola zetu zinatunzwa na mama watoto, na yeye kutishika hakumo katika tabia zake.

Naishi Lancaster, Pennsylvania, jimbo ambalo kuwinda kulungu si starehe ya matajiri. Ni sikukuu ya fundi bomba, dereva wa lori na mpishi wa shule. Kuanzia 1963 hadi 2018 msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo, maana mwalimu yuko msituni, mwanafunzi yuko msituni, na viti havifundishiki. Mwaka 2019 ufunguzi ukahamishiwa Jumamosi. Wazee wa ghala ninalofanyia kazi wanaulalamikia uamuzi huo mpaka leo, na mimi, mtu ninayependa malalamiko yaliyoiva, nikajikuta nakaa meza yao wakati wa chakula. Ukikaa meza ya wawindaji utaalikwa kuwinda. Ukialikwa utahitaji bunduki. Ukipata bunduki, hata hii yangu ya mitumba ya .308, kila mtu atakuuliza swali moja: umefunga skopu gani?

Mimi mtu wa Tanga. Nilikolelewa, nyama ya porini ilikuwa habari ya watu wawili: mwenye leseni aliyekuja na gari, na asiye na leseni aliyekuja na gobore. Gobore halina pa kufungia skopu, na mwenyewe hulenga kwa uzoefu na dua. Kwa hiyo nilianza jambo hili bila ujuzi, na ukiwa huna ujuzi Mungu hukuletea washauri. Wangu ni wawili. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyetangulia kuja huku na kwa hiyo anajua kila kitu. Wa pili ni rafiki Mkenya, tunayefanya naye zamu moja. Nchini kwake uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla hajazaliwa, na utaalamu wake wote ameupata YouTube akiwa amelala kwenye kochi. Huyu ndiye mkali zaidi. Ukimpinga anakuletea video.

Nilichotaka ni kitu kimoja: skopu moja, ya bei ninayoweza kuitaja nyumbani kwa sauti ya kawaida, itakayonifaa kwenye uwanja wa shabaha wakati wa kiangazi na msituni ifikapo mwisho wa Novemba. Kumbe ni sawa na kusema unataka gari la kubebea mchanga na la kupelekea bibi harusi. Mlenga shabaha ameketi mezani, bunduki imelalia mfuko wa mchanga, karatasi haikimbii, na ana mchana mzima. Anataka kukuza mpaka aone tundu la risasi. Mwindaji amesimama, vidole vimekufa kwa baridi, mnyama yuko kati ya miti miwili na hana nia ya kukaa hapo. Anataka kuona eneo pana, haraka, gizagiza likiwa limeingia. Hawa watu wawili hawapatani, na mimi nimewabeba wote katika mwili mmoja wenye mshahara mmoja.

Shemeji alilimaliza suala hilo kwa dakika moja. "Shem, nunua kubwa. Ukishaona mbali, umemaliza kila kitu." Yeye ana 6-24x50, dude lenye uzito wa zaidi ya nusu kilo, ambalo likikaa juu ya bunduki unaona kwamba bunduki ndiyo imefungwa chini ya skopu. Namba hizo, kwa asiyejua, zina maana hii: 6 hadi 24 ni mara ngapi kitu kinakuzwa, na 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ambacho boksi halikwambii ni kwamba kila unapokuza, unapunguza. Skopu ya kawaida ikiwa kwenye 3 inakuonyesha upana wa kama mita 11 ukitazama umbali wa mita 100. Ukienda 24 unabaki na mita moja na nusu. Kulungu mwenyewe hapo haenei.

Msimu uliopita shemeji alisimama jioni nzima nyuma ya mti wake, kulungu dume akapita karibu sana, na yeye ndani ya skopu akaona manyoya. Manyoya tu. Hakujua ni ya shingo, ya paja, au ni gome la mti. Akahangaika kulitafuta bega mpaka mnyama akachoka kusubiri akaenda zake. Ukimuuliza leo atakwambia tatizo lilikuwa upepo. Kwenye msitu wa Pennsylvania ukiona mita 80 mbele umebahatika, na yeye alikwenda na chombo cha kutazamia mlima wa jirani.

Halafu hiyo 24 haikuzi mnyama peke yake. Inakuza na mkono unaotetemeka, inakuza na mapigo ya moyo, na kwenye uwanja wa shabaha wakati wa joto inakuza na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, mpaka karatasi inacheza ngoma. Kwa hiyo unalipa pesa zaidi ili ujione unavyotetemeka.

Baada ya ukubwa wakaja na mwanga. Hapa ndipo namba zilipoanza kunisaidia mimi dhidi ya watu wangu, na nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Arubaini gawanya kwa tisa ni milimita 4.4. Hamsini gawanya kwa ishirini na nne ni milimita 2 na chembe. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka milimita kama 7, na ya mtu wa umri wangu ni karibu na 5. Maana yake jioni, saa ambayo kulungu hutoka, shemeji na lenzi yake pana anapata mwanga mwembamba kuliko wa mwenye 3-9x40 kama hatarudisha ukuzaji chini. Nilimwonyesha hesabu hiyo juu ya karatasi ya risiti. Akaniambia, "Shem, wewe unasoma sana."

Kioo chenyewe nacho kina maneno yake. Uso wa kioo kitupu hupoteza kama asilimia 4 ya mwanga unaougonga. Skopu ina lenzi nyingi ndani; ukiwa na nyuso 12 tupu, zaidi ya theluthi ya mwanga imekwisha potea kabla haijafika kwako. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, akavumbua namna ya kuipaka lenzi utando mwembamba unaozuia upotevu huo. Uvumbuzi mkubwa, apewe heshima zake. Lakini wafanyabiashara wakauchukua na kuugeuza ngazi ya hadhi. Sasa kuna lenzi iliyopakwa, lenzi zilizopakwa zote, lenzi zilizopakwa mara nyingi, na lenzi zilizopakwa zote mara nyingi. Ukisoma haraka unaona zote ni moja. Si moja. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoitaka, hizo nyingine tatu zimeandikwa ili ujione umeipata.

Jambo zuri ni kwamba hiyo ya mwisho siku hizi inapatikana kwa bei ya kibinadamu. Kwa dola 200 hadi 300 unapata kioo safi, kilichopakwa sawasawa, kutoka kwa makampuni yenye jina. Hapo Mkenya wangu ndipo anapokataa. Yeye ana kanuni aliyoitoa mtandaoni: skopu lazima igharimu sawa na bunduki, au zaidi. Ndiyo, za Ulaya ni za ajabu. Nilichungulia moja kutoka Austria, bei imepita dola 2,500 bila kuona haya, nikaona jani moja moja kwenye mti ng'ambo ya maegesho wakati jua limeshatua. Nikairudisha kwa mikono miwili. Mtu anayewinda milimani nchi za watu, anayelipia ndege na kiongozi, na ana nafasi moja ya kupiga, anunue, namtakia heri. Mimi nawinda mnyama anayekula maua ya jirani.

Twende kwenye vipimo, maana hapa hasira zangu zina msingi. Skopu ina vifundo viwili, kimoja cha kupandisha na kushusha, kingine cha kulia na kushoto. Ukizungusha vinalia tik, tik, na kila tik inahamisha mahali risasi inapokwenda. Kiasi gani? Inategemea umenunua lugha gani. Kuna MOA, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwenye mita 100 ni milimita 29 hivi, na tik moja kwa kawaida ni robo yake, yaani milimita 7. Kuna na mili, ambayo kwenye mita 100 ni sentimita 10 kamili, na tik moja ni sentimita 1. Mtu aliyesomeshwa kwa mita na sentimita akiisikia hii ya pili anavuta pumzi. Lakini uwanjani kwetu wazee wote wanasema MOA, yadi na inchi. Ukimwambia mzee umekosa kwa sentimita nne, anakuangalia kwa huruma, anadhani umeumia.

Hilo ningelivumilia. Nisichovumilia ni kwamba kwa miaka mingi zimeuzwa skopu ambazo alama za ndani, zile unazotazamia, zimechorwa kwa mili, na vifundo vya nje vinahesabu MOA. Nani alikaa kikaoni akakubali hilo? Unaona umekosa kwa mili moja, unatafuta kalamu, unazidisha kwa 3.44, unagawanya kwa robo, ukimaliza mlinzi wa uwanja ameshafunga geti. Ukitaka ushauri wangu wa bure, chagua lugha yoyote, ila ndani na nje ziseme lugha moja.

Kuna na paralaksi. Mkenya alilitaja neno hilo kwa mara ya kwanza akiwa anakula chapati, na alilitamka polepole ili tujue ni kubwa. Kumbe ni kitu kidogo. Ukitazama saa ya ukutani ukiwa umekaa pembeni, mshale unaonekana umefika dakika ambayo haujafika. Ndivyo na ule msalaba wa ndani ya skopu: jicho likihama pembeni, msalaba nao unaonekana kuhama juu ya shabaha, ingawa bunduki haijatikisika. Skopu nyingi za uwindaji hurekebishwa kiwandani ili jambo hilo liishe kwenye yadi 100, na zile za bunduki ndogo ya .22 kwenye yadi 50. Kwa mwindaji wa msituni, tofauti inayobaki ni ndogo kuliko moyo wa mnyama. Kwa mlenga shabaha wa mbali, kile kifundo cha ziada cha kuirekebisha kina kazi. Ninayeumia ni mimi katikati, ninayeuzwa kifundo cha dola 100 cha kurekebisha kitu ambacho ningekirekebisha kwa kuweka shavu mahali pamoja kila ninapolenga.

Na mwanga wa betri! Siku hizi msalaba unawaka. Ni mzuri gizani ukiwa hafifu, sibishi. Lakini skopu za dola 60 zinakuja na nyekundu, kijani na bluu, na baadhi zimefungwa na tochi ubavuni, na kitu cha leza chini, na kila kimoja kinadai betri yake. Ukiziwasha zote unaweza kualika watu waje kucheza. Majirani zetu Waamishi, wanaokwenda kwa farasi na hawataki nyaya za umeme nyumbani, nao ni wawindaji hodari, na sijaona mmoja anayehangaika kutafuta betri ya CR2032 saa kumi na moja alfajiri. Msalaba wenye mistari minene inayokonda katikati, ambao kampuni ya Leupold iliuanzisha mwaka 1962, unaonekana gizagiza bila ya betri yoyote. Umetimiza kazi yake zaidi ya miaka 60, na hauulizi chaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitaja, si shemeji, si Mkenya, si boksi. Ni kwamba bunduki inapiga teke. Kila risasi ya .308 ikitoka, ile skopu inasukumwa nyuma kwa nguvu inayotosha kukuacha na bega la kulalamikia. Ndani yake kuna bomba dogo lililobeba lenzi, linasukumwa na vifundo upande mmoja na kushikiliwa na springi upande wa pili. Springi ikiwa dhaifu, teke moja, mawili, bomba linasogea unywele mmoja, na wewe nje huoni kitu. Kioo bado kinang'aa. Namba bado zinasomeka. Ila risasi inakwenda kwingine. Uwanjani kwetu kijana mmoja alifunga skopu ya dola 40 juu ya bunduki ya upepo ya springi, akidhani kwa kuwa haina baruti haina teke. Hiyo ndiyo katili kuliko zote, kwa sababu inapiga teke nyuma halafu mbele, na skopu nyingi zimeandaliwa kwa teke la nyuma tu. Kabla mchana haujaisha, ukiitikisa skopu yake ilikuwa inalia njuga.

Hilo ndilo ninalolitaka kwenye skopu kabla ya yote: nikiielekeza mahali leo, kesho iwe imeelekea palepale. Baada ya gari kurukaruka kwenye barabara ya changarawe kwenda Potter County, ambako wazee wa ghalani wana kibanda chao cha kuwindia, iwe palepale. Baada ya kuanguka begani mwa mtu anayevuka kijito, iwe palepale. Kwangu mimi hili si la mashindano. Ninasema Bismillah ninapovuta kifyatulio, na mama watoto ameshaniambia nyama ya mnyama aliyekimbia na jeraha akafia kusikojulikana haiingii jikoni kwake, wala mwenye kuipiga asitarajie mapokezi. Risasi moja, mahali pamoja. Tafuta boksi lililoandika hivyo. Limeandika 24.

Kwa nini haliandiki? Kwa sababu uaminifu hauna namba ya kupendeza. Ukuzaji unapimika, lenzi inapimika, bomba la milimita 30 linaonekana nene kuliko la inchi moja. Lakini kukaa palepale kunajulikana kwa kupiga risasi tu, na risasi hazipigwi dukani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; ila hawakukutana na biashara ambayo vyote viwili vinajitembeza kwa boksi lenye rangi moja.

Ndiyo maana nina mtihani wangu, nao si wa kubuni, walenga shabaha wanaujua tangu zamani. Unapiga risasi moja katikati. Unazungusha tik 20 kulia, unapiga tena palepale ulipolenga. Tik 20 chini, unapiga. Tik 20 kushoto, unapiga. Tik 20 juu, unapiga ya mwisho. Karatasi inatakiwa ionyeshe mraba wenye pembe zake nne, na risasi ya tano iwe imerudi kwenye tundu la kwanza au imepakana nalo. Nimewaona wenye skopu za kifahari wakiukataa mtihani huu kwa madai ya kubana matumizi ya risasi. Shemeji naye anabana.

Mtihani wa pili ni wa ukungu. Inasimuliwa kwamba Marcus Leupold, wa familia ya Oregon yenye kampuni ya jina hilo, alimkosa kulungu kwa sababu skopu yake ilishika ukungu ndani, akarudi nyumbani na hasira, na mwaka 1947 kampuni ikatoa skopu yake ya kwanza. Mtu aliyegeuza hasira kuwa kiwanda ni mtu ninayemwelewa. Siku hizi bomba hutolewa hewa yenye unyevu na kujazwa naitrojeni kavu, na mipira midogo huziba viungo. Kama imezibwa vizuri, ukiitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu haitoi povu. Mama watoto aliingia bafuni akaikuta ndani ya ndoo.

"Baba watoto, unaikogesha?"

"Naangalia kama inavuja."

"Dola 230, halafu inavuja?"

"Haivuji. Ndiyo naangalia."

Akaondoka bila kusema neno, na neno lile ambalo hakulisema nililisikia mpaka kesho yake.

Watu watakwambia usijali, kuna dhamana ya maisha. Ni kweli, makampuni kadhaa ya Marekani, Leupold na Vortex yakiwemo, hutengeneza au kubadilisha skopu yako hata kama umeinunua kwa mtu wa pili, na hilo ni jambo la kiungwana. Lakini dhamana inakwenda kwa posta na kurudi kwa posta, na msimu wa kawaida wa kulungu kwa bunduki hapa ni wiki mbili tu. Kulungu hasomi masharti ya dhamana. Mimi nataka skopu ambayo sitapata kujua kama dhamana yake inafanya kazi.

Na kabla hujailaumu skopu, tazama pete zilizoishika. Watu wananunua kioo cha dola 400 na kukifunga kwa pete za dola 12, tena kwa bisibisi ya jikoni, wakikaza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kampuni nyingi husema skrubu za pete zikazwe kwa nguvu ya niutoni-mita 2 hivi, kwa spana inayopima. Ukizidisha unaliminya bomba. Ukipunguza skopu inateleza kwa kila teke, nawe unabaki kuzungusha vifundo ukifuata kitu kinachotembea. Nimewahi kuombwa uwanjani niangalie skopu "iliyokufa", nikaishika kwa vidole viwili ikazunguka. Ilikuwa hai kabisa, haijafungwa tu.

Nafasi ya jicho nayo isisahaulike. Skopu inatakiwa ikuonyeshe duara kamili ukiwa umeweka jicho sentimita 9 au 10 nyuma yake. Ikikulazimisha kusogea zaidi, siku ya teke itakusogelea yenyewe. Kwenye uwanja wowote utawatambua wahusika: wana alama ya nusu mwezi juu ya nyusi. Shemeji ana yake, na husema alianguka kwenye barafu.

Basi nilinunua 3-9x40. Bomba la inchi moja, vifundo vyenye vifuniko, msalaba wa mistari minene, lenzi zilizopakwa zote mara nyingi, hakuna taa, hakuna leza. Inakaribia gramu 370. Ni skopu ya kawaida kuliko zote duniani, aina ambayo imekuwa juu ya bunduki za kulungu tangu kabla sijafika nchi hii, na yangu imechora mraba wenye pembe nne. Kwa mita 100 kwenye karatasi, hiyo 9 inanitosha. Nisiyoona ni matundu ya risasi nzuri, na hayo nikiyafuata kwa miguu napata na mazoezi. Pesa iliyobaki nikanunua pete za maana na risasi za kufanyia mazoezi, dola 30 kwa boksi la risasi 20, maana hakuna lenzi inayomfundisha mtu kuvuta kifyatulio bila kukurupuka. Mkenya ananionea huruma. Shemeji ananiita mhasibu.

Mama watoto ameshafanya hesabu yake: bunduki, skopu, pete, risasi, leseni, kizibao cha rangi ya chungwa ambacho sheria inadai kionekane inchi za mraba 250, vyote gawanya kwa kilo 20 hivi za nyama safi zinazopatikana kwa kulungu mmoja. Amebandika jibu kwenye friji. Kilo moja imezidi bei ya kamba.

Nilikwenda kulipa zile pete. Muuzaji akaniuliza kama ninacho kifaa cha leza cha kupimia umbali, kwa sababu bila hicho skopu ni nusu ya kazi. Nikamwambia huko ninakowinda mti wa tatu ndio mwisho wa macho. Akasema vizuri, basi nitahitaji kile cha umbali mfupi, ambacho ni ghali kidogo.